Barometri yangu ilisema Tempête kila siku

Naandika hii juu kuna mdogo wangu mmoja aliniomba juzi nimpe mawazo ya memwari (kazi ya kuandika ya kumaliza chuo), anataka kufanya kazi juu ya ajali za bwato (mashua) hapa ziwani, nikaanza kumueleza yangu ilivyokwenda nikaona saa mbili zimepita bado sijafika katikati. Basi afadhali niandike mara moja asome yeye na wengine wasome, pengine mtaokoa pesa. Mimi nilimaliza dola mia na kitu, na aibu juu yake.

Ilikuwa 2017, niko mwaka wa mwisho, jografia, hapa Goma, mashariki ya Kongo. Suje (mada) yangu ilikuwa usalama wa usafiri kwenye ziwa Kivu. Asistanti, mwalimu msaidizi aliyekuwa anafuata kazi yangu (nitamwita Asistanti tu, hapendi jina lake litembee), akanipa kle yake (flash) yenye mafaili mengi akasema soma historia ya watu waliojaribu kuonya mabaharia kabla ya dhoruba, utapata la kuanzia. Nikasoma usiku kwa simu juu umeme wa kwetu mnaujua, na ndani ya yale mafaili nikakutana na Robert FitzRoy, nikamwangukia kabisa.

Huyu alikuwa afisa wa jeshi la majini la Uingereza, alizaliwa 1805, miaka 12 tayari yuko kwenye chuo cha jeshi la majini kule Portsmouth, mtihani wa kuwa luteni akaleta pointi zote pasipo kukosa hata moja. Akiwa na miaka 23 wakampa meli inaitwa Beagle. Wakampa juu kapiteni aliyetangulia alikuwa amejiua kule chini kabisa ya Amerika Kusini, baridi na upweke vilimshinda. FitzRoy hakusahau hiyo. Alipotumwa mara ya pili, mwisho wa 1831, akatafuta msomi wa kula naye meza moja ili akili isimtoke, wakamletea kijana wa miaka 22, Charles Darwin. Dunia nzima inamjua Darwin, ila mwenye kuendesha meli ukimtaja kwa watu wanakuangalia tu.

Na meli yenyewe ilikuwa inaenda kupima, siyo kupigana. Ramani za pwani, vina vya maji, na kronometa 22 ndani (saa za baharini zisizokosea) kwa kujua longitudi, na mtu wa kuzitunza FitzRoy alimlipa kwa mfuko wake. Safari hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza kutumia rasmi kipimo cha upepo cha Beaufort, kile cha 0 mpaka 12, na Beaufort naye alikuwa mtu wa jeshi la majini, mkubwa wa ofisi ya ramani. Kipimo hicho nitakirudilia, ndicho kitu kimoja kilichonisaidia bila kuniomba hata franga moja.

Kule kule akanunua meli ya pili kwa pesa yake ili kazi iende haraka, wakubwa wakakataa kumrudishia, ikabidi aiuze. Mimi hapo nilisoma nikacheka nikapita. Ningesimama kidogo. Ukianza kazi ya memwari usitoe pesa yako kwanza ukitumaini mtu atakurudishia baadaye, mimi nilinunua vitu vyote kabla kijiprojé nilichoombea pesa hakijajibiwa, na mpaka leo hakijajibiwa.

Sasa sehemu iliyoniwasha. 1854 FitzRoy amekuwa mtu mzima, wanampa kiofisi kidogo London cha kukusanya habari za hali ya hewa kutoka kwa meli. Kukusanya tu. Halafu mwezi wa kumi 1859 ikapiga dhoruba moja mbaya, meli Royal Charter iliyokuwa inatoka Australia na watu na dhahabu ikavunjika kwenye miamba ya Wales, karibu kabisa na kufika, wakafa watu kama 450. FitzRoy akasema hii ilionekana inakuja, namba za barometri (kifaa cha kupima mgandamizo wa hewa) zilishaanguka, na telegrafu ipo, kwa nini hakuna aliyewaambia bandarini? Akaanza. 1861 ishara zikaanza kutundikwa kwenye milingoti ya bandari: koni nyeusi yenye ncha juu, upepo mkali wa kaskazini, ncha chini, wa kusini, na ngoma nyeusi, upepo wa kugeukageuka. Mwezi wa nane mwaka huohuo gazeti likatoa kwa mara ya kwanza hali ya hewa ya siku zinazokuja. Yeye mwenyewe alikataa kabisa iitwe unabii, akaipa jina "forecast", ambalo Waingereza wanalitumia mpaka leo.

Nikafunga simu nikasema, bon, Kituku kuna mlingoti?

Kwa asiyejua, Kituku ni soko la pembeni ya ziwa, wakati ule bwato za mbao zilikuwa zinapakia pale usiku na mchana, simenti, sukari, bia, watu, mbuzi, vyote pamoja, zinaenda Minova, Kalehe, kisiwa cha Idjwi na mbele. Jile za kuogelea zilikuwepo mara nyingine, zimefungwa juu kabisa ya mizigo ambapo hakuna atakayezifikia. Nani alikuwa anaambia watu leo msiondoke? Hakuna. Nikajiona mimi ndiye.

Kosa la kwanza ni barometri. Kulikuwa na muzungu mmoja wa shirika anarudi kwao anauza vitu vyake, ndani yake kuna barometri nzuri ya mbao na shaba, duara kama saa ya ukutani, imeandikwa Kifaransa: Beau temps, Variable, Pluie, Tempête, yaani hali nzuri, kugeukageuka, mvua, dhoruba. Dola 35. Nikailipa bila kupunguza bei, nikaibeba kwa moto (pikipiki) nimeikumbatia kama mtoto. Kufika nyumbani naitazama, sindano imelala chini kabisa, imeshapita Tempête imegonga mwisho. Nikasema duh, leo kuna kitu kikubwa kinakuja. Nikaingiza nguo ndani, nikamwambia mama asiende sokoni.

Jua likawaka siku nzima. Kesho yake sindano pale pale.

Kumbe vile vifaa vimetengenezwa kwa watu wanaokaa karibu na usawa wa bahari, namba ya mwisho chini ilikuwa 960, na sisi hapa ziwa liko mita 1460 juu, mgandamizo wa hewa yetu ni kama hektopaskali 850 siku nzuri zote. Kwa barometri ile, Goma iko ndani ya dhoruba tangu ilipoumbwa. Nyuma kuna kiskrubu cha kurekebisha, nikakizungusha, sindano ikapanda kidogo, nikazungusha tena, ikapanda, nikaona naweza, nikaendelea mpaka ndani kikalia tik. Sindano ikaanguka na haikusogea tena. Mdogo wangu, ukinunua barometri uliza kwanza inaenda mpaka mita ngapi za juu, na kiskrubu kina mwisho wake.

Basi nikatafuta simu. Kuna simu zina sensa ya mgandamizo wa hewa ndani, watu hawajui hata kama wanazo, unaweka tu programu ya bure inakuonyesha namba. Nikapata Samsung Galaxy S4 iliyopasuka kioo, dola 45. Hiyo ilifanya kazi, na mpaka leo naona ndiyo pesa pekee niliyotoa kwa akili.

Kosa la pili ni karatasi, hili nitalipita haraka. Nilienda pwani bila atestasio (barua ya kunitambulisha) ya shule, siku ya pili tu nimekamatwa na watu wa ofisi fulani, unapima nini hapa, nani amekutuma, fungua hiyo simu. Nikakaa pale toka saa tatu mpaka saa tisa, ikatoka "kahawa" ya dola 10. Kabla hujagusa maji tafuta barua yenye kashe (mhuri), ikiwezekana kashe mbili, tia kopi tano kwa plastiki, na nenda ujitambulishe mwenyewe kabla hawajakutambua wao. Kwa nchi hii mtu anayeandika namba pembeni ya maji ni mtu wa kushukiwa.

Haya. Nikachukua bido ya lita ishirini ile ya njano, nikaipaka rangi nyeusi, nikamlipa fundi wa mbao anisimamishie mlingoti nyuma ya kibanda cha mama mmoja anayeuza sambaza (samaki wadogo wa ziwani) za kukaanga. Dola 18 mlingoti, rangi 6, kamba 4. Nikaenda kwa wenye bwato nikawaeleza, bido ikiwa juu msiondoke, upepo unakuja. Walinisikiliza vizuri sana, na hiyo ndiyo inaniuma mpaka leo. Walinisikiliza juu kila mmoja pale amepoteza mtu au anamjua aliyepoteza.

Siku ya kwanza, saa nne asubuhi simu inasema 854. Saa tisa, 852. Saa kumi kasoro, 851. Inaanguka! FitzRoy alisema ikianguka jihadhari, nikakimbia nikapandisha bido. Bwato tatu zikabaki. Hakuna upepo. Nikasema sawa, ni bahati. Kesho yake saa nne 854, saa kumi 851, nikapandisha. Kesho kutwa vile vile. Vijana wa kupakia wakaanza kuniita Papa Bido.

Juma la tatu akaja mama mmoja, amejifunga kitenge kiunoni kama mtu anayekuja kupigana, nyuma yake kijana amebeba kikapu kichwani. Alikuwa na vikapu vinne vya nyanya anavipeleka upande wa Kivu Kusini, siku mbili bwato haikuondoka juu abiria walikataa kupanda, bido iko juu. Akakiweka kile kikapu miguuni mwangu akatoa majani ya mgomba ya juu. Za juu zilikuwa nzima. Akatia mkono ndani mpaka kwenye kiwiko, akautoa, maji mekundu yanatiririka kwenye vidole, harufu ya uchachu ikanipiga puani.

"Weye njo mutu ya bido?"

Nikasema ndiyo mama.

"Upepo iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Akasimama pale ananitazama, hakupiga kelele hata, angepiga kelele ingekuwa afadhali. Nikampa dola 10, akazihesabu, akasema vikapu vilikuwa vinne. Nikaongeza 5, ndizo zilizokuwa zimebaki.

Hivyo hivyo ilimkuta FitzRoy, nilikuja kuisoma vizuri baadaye. Wenye meli za uvuvi walimlalamikia juu ishara ikipanda mabaharia wao wanabaki bandarini na pesa inapotea, bungeni watu wanauliza gharama za telegrafu, wasomi wenzake wanasema siyo sayansi, lile gazeti lililokuwa linatoa taarifa zake likaanza kumcheka. Mimi wa kwangu alikuwa mama mmoja na kikapu, na usiku ule sikulala.

Nikaenda kwa Asistanti nikitaka kubadilisha suje. Hakuniuliza habari za bido. Akauliza, jana saa kumi ilikuwa ngapi? 851. Na juzi? 851. Na siku ambayo hukupandisha? Nikafungua daftari. 851. Akanipa karatasi ya kiko kiko, ile ya mahesabu, akaniambia chora juma zima, halafu akatoka akaenda kunywa chai.

Nikachora. Milima miwili na mabonde mawili, kila siku, sawa sawa kama mtu anapumua. Juu saa nne asubuhi, chini saa kumi jioni, juu tena saa nne usiku, chini saa kumi alfajiri. Jua linapasha anga na anga yote inapanda na kushuka mara mbili kwa siku, na huku kwetu karibu na ikweta hiyo ndiyo inaonekana kuliko kitu kingine chochote. Kule kwa FitzRoy dhoruba ni kitu kikubwa kama nchi nzima, kinatembea toka baharini siku mbili tatu, na barometri inakiona kikiwa mbali. Dhoruba yetu mara nyingi ni wingu moja linalozaliwa juu ya milima na kufa baada ya saa chache, barometri haina habari nalo mapema. Nilikuwa napandisha bido kuonya watu kwamba saa kumi ya jioni imefika.

FitzRoy hana kosa hapo. Yeye aliandika kwa bahari yake. Mimi ndiye nilichukua sheria yake nikaacha tabia yake, ile ya kuandika saa ileile kila siku miaka na miaka kabla ya kufungua mdomo. Nilikuwa na daftari lakini nilikuwa silisomi, naandika tu ili profesere aone nimeandika.

Hesabu yenyewe hii hapa. Siku 41 nilizokaa pale nilipandisha bido mara 19, upepo mbaya ukaja mara 4. Siku 22 sikuipandisha, upepo mbaya ukaja mara 3. Ukitupa franga hewani unapata kitu karibu na hicho. Kwenye memwari niliiweka kwenye ukurasa wake peke yake, na ndiyo sehemu jury (walimu wa kutoa alama) walinipongeza, amini usiamini. Kwa hiyo andika pia siku ambazo hakuna kilichotokea, na andika pia ulipokosea, usipoandika hizo huna kitu. Na tumia kreyo (penseli), siyo biki (kalamu ya wino), mvua ikilowesha karatasi biki inagoma kuandika.

Baada ya hapo nikaanza kukaa na mzee mmoja kapiteni, ameendesha bwato tangu kabla sijazaliwa. Mwanzoni alinikwepa. Nikamletea sigara, nikanyamaza, nikakaa. Nikamuuliza wewe unajuaje? Akasema siangalii juu, naangalia mbali. Akanionyesha: ukiona maji ya upande wa Idjwi yamekuwa meusi kama mtu amechora mstari, na mstari unasogea, huo ni upepo unakuja na una dakika chache. Na ukiwa umekaa tu kwenye joto, ghafla baridi inakushika masikio na mvua bado hujaiona, usifungue kamba. Baadaye nikasoma kwamba ni hewa baridi inayoanguka toka ndani ya wingu la mvua, inatangulia mbele ya mvua yenyewe. Mzee hakuhitaji kusoma hiyo.

Na mwezi wa sita mpaka wa nane, kiangazi, akasema usitafute wingu, upepo wa kusini unakuja bila wingu.

Hapo ndipo Beaufort alinifaa. Kile kipimo hakidai kifaa. Moshi unapanda wima, sufuri. Unasikia upepo usoni na majani yanachezacheza, mbili. Mapovu meupe yamejaa kiasi juu ya mawimbi, nne. Nikafanya ya kwangu ya Kituku: moshi wa mama wa sambaza, maturubai ya vibanda, nguo zilizoanikwa, na mapovu. Mzee aliniambia akiona mapovu yamejaa kiasi hicho bwato yake iliyojaa haitoki. Basi nne, tukakubaliana. Nikipima na yeye akipima tulikuwa tunatofautiana moja tu, mara nyingine hakuna.

Lakini bado sijasema lililo baya. Ile bido niliishusha baada ya nyanya nikaapa siipandishi tena. Wiki tatu baadaye, jioni, nimekaa na daftari, nikaona mstari. Mweusi, unasogea, masikio yakashika baridi. Bwato moja ndogo ya mota inafungua kamba, watu saba na magunia ya maharagi. Nilijua. Mzee hakuwepo siku hiyo. Nikasimama, nikatazama mlingoti, nikawaza watu wote wale wakicheka Papa Bido, nikawaza yule mama, nikakaa chini tena.

Ilipinduka kabla haijafika mbali, tulikuwa tunaiona. Wavuvi wa sambaza waliokuwa wanatayarisha taa zao wakakimbilia, wakawatoa wote saba, mtoto mmoja wa kiume alikuwa amekunywa maji akakohoa sana mpaka tukaogopa. Magunia yote yalikwenda. Kwenye daftari ya siku ile nimeandika: "saa 11.20, mstari, baridi, sikupandisha." Mkono unatetemeka kwenye yale maandishi, ukiangalia utaona.

FitzRoy alijiua mwezi wa nne 1865. Alikuwa na madeni, alikuwa amechoka, masikio yalikuwa yanakufa, na maneno ya watu. Mwaka uliofuata kamati ya wasomi ikasema ishara zake hazina msingi wa sayansi, zikaondolewa. Waliokataa ni watu wa pwani, mabaharia na wa bandari, walilalamika mpaka 1867 ishara za dhoruba zikarudi. Hiyo niliisoma baada ya ile bwato, siyo kabla. Mtu akikuambia "umekosea" kuhusu onyo, hajakuambia "nyamaza", lakini ukiwa na aibu unasikia hivyo hivyo. Na kama unaona kichwa chako kinaingia giza kwa ajili ya kazi, ongea na mtu mapema, mimi niliongea na mzee na Asistanti, ndiyo maana nilimaliza.

Nilimaliza na distinksio ndogo. Bido haikupanda tena, ila yule mama wa sambaza sasa anafunga kitambaa chekundu kwenye kibanda mzee akimwambia, na wenye bwato wanakiangalia, hawasemi kama wanakiangalia. Yule wa nyanya nilimuona mwaka juzi, akanisalimia "Papa Bido" mbele za watu, akaniuzia nyanya kwa bei ya juu.

Kwa hiyo mdogo wangu, njoo nyumbani Jumamosi. Daftari nitakupa, ya siku zote 41, na ile Samsung kama betri bado inashika. Barometri iko ukutani kwa mama, anaipangusa kila Jumapili kabla ya misa na hataki isogezwe, wageni wakiiuliza anawaambia ni saa ya kizungu, imesimama.